Niuze Subaru STI yangu ili ninunue gari la familia?

SWALI: Msomaji anayeishi Syokimau anaandika: "Ninamiliki Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005 yenye gia za mkono, niliyoinunua kabla sijaoa, na ndilo gari letu la pekee. Tuna mtoto wa miaka mitatu, na mke wangu anatarajia kujifungua wa pili baada ya miezi mitatu. Kazi yangu iko Upper Hill. Mara mbili kwa mwaka tunakwenda Mombasa kwa wakwe zangu, na popote tuendapo huwa tunaandamana na dada anayetusaidia kulea. Mke wangu anataka tuiuze STI tununue gari la familia. Mimi naona niiuze, niongeze akiba na mkopo wa Sacco, nichukue Forester XT, Subaru ya familia yenye turbo, ambayo itatupa yote mawili: mbio na nafasi. Yeye hunijibu kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nani kati yetu yuko sahihi?"

JIBU: Ndugu yangu, nitatangulia na uamuzi kisha nieleze nilivyoufikia. Shemeji yuko sahihi kwamba nyumba yenu inahitaji gari la familia, na inalihitaji kabla mtoto hajazaliwa. Nawe uko sahihi kuiona STI kuwa gari ambalo ukishaliachia ni vigumu kulipata tena. Lakini Forester XT, uliyoifanya mpatanishi kati yenu, ndiyo ninayoikataa kwanza, na ile methali ya shemeji inaihusu hiyo kuliko inavyoihusu STI, kwa kuwa ni gari moja linalotakiwa kushika kazi mbili zisizopatana. Ushauri wangu ni kwamba fedha mlizo nazo zitangulie kununua gari la familia lisilo na majivuno yoyote, kwa hali yenu Toyota Noah ya viti saba, na STI iondolewe kabisa katika shughuli za kila siku. Baada ya hapo, ikiwa STI haiwezi kugharimiwa maegesho, bima na matengenezo bila kugusa fedha za nyumba, iuzwe.

Wengi wanaopenda magari ya michezo hupima gharama kwa bei ya kununua, ilhali magari haya hula fedha nyingi zaidi pale yanapopewa kazi ambayo hayakuundiwa. Tuchukue safari yako ya kazini, ambayo ni takriban kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, kwa siku 22 za mwezi: jumla ni kilomita 880. Katika foleni ya Mombasa Road, STI yenye turbo na uwiano mfupi wa gia huenda kilomita sita hadi saba kwa lita, kwa hiyo tukisema sita na nusu, utachoma kama lita 135. Noah ya petroli ya lita mbili, tukiikadiria kilomita 10 kwa lita katika foleni hiyo hiyo, itatumia lita 88. Tofauti ni lita 47, na ukiziwekea bei ya shilingi 180 kwa lita unapata karibu shilingi 8,500 kila mwezi, yaani zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwaka. Fedha hizo peke yake haziwezi kununua Noah, sitaki kukudanganya, lakini zinatosha kubeba sehemu kubwa ya gharama za kuitunza STI inayotembea mwishoni mwa juma tu.

Na hayo ni mafuta tu. Foleni huila klachi, na huifanya injini yenye turbo iishi katika joto bila upepo wa kuipoza. Oili ya injini huchelewa kupata joto kuliko maji, hivyo sindano ya joto kwenye dashibodi ikitulia katikati haimaanishi kwamba oili imekuwa tayari kuilinda turbo. Dereva anayechelewa kazini na kukanyaga mafuta dakika tano baada ya kuwasha gari anaipunguzia turbo umri wake kila asubuhi. Kisha kuna tairi. Kwa kuwa STI husukuma magurudumu yote manne na ina difa ya katikati, yaani ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, tairi zote nne zinapaswa kuwa za saizi moja, aina moja, na mzingo unaopishana kwa milimita chache tu. Shimo moja la barabarani likipasua ubavu wa tairi moja wakati nyingine zimekwisha kulika nusu, hununui moja, unanunua nne. Mwenye gari la hobi huliona hilo kuwa sehemu ya mchezo. Mwenye gari la pekee la familia huliona mwezi ambao pia kuna karo.

Sasa nije kwenye kiti cha nyuma, ambapo naona nyote wawili hamjapaangalia vya kutosha, na ambapo kwa maoni yangu ndipo swali lenu linapoamuliwa. Impreza yako ni sedani ya milango minne. Viti viwili vya watoto vinaingia nyuma, kimoja kila upande, tena bila taabu kubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba STI haiwezi kubeba watoto wawili, hajakosea sana wala hajasema kweli yote. Kinachoshindikana ni mtu wa tano. Umesema dada huandamana nanyi. Baada ya miezi mitatu atalazimika kukaa katikati ya viti viwili vya watoto, kimoja kikiwa kinatazama nyuma na chenye tako pana, katika gari lenye upana wa milimita 1,740 kwa nje. Mtu mzima hawezi kukaa hapo hadi Mtito Andei, na kwa uzoefu hata mkanda wake hautafungika vizuri kwa sababu kifungio kitakuwa kimefunikwa na kiti cha mtoto. Matokeo yake tunayajua sote: mtoto mmoja atatolewa kwenye kiti chake na kupakatwa. Katika mgongano, hakuna mikono inayoweza kumshikilia mtoto aliyepakatwa, hata kwa mwendo wa mjini wa kilomita 50 kwa saa.

Ndiyo maana naikataa Forester kwa sababu nyingine kabla hata ya kufika kwenye turbo. Watu huiona ndefu kwenda juu wakadhani ni pana. Forester ya kizazi cha miaka ile ile ya STI yako, inayojulikana kwa alama ya SG, ina upana wa milimita 1,735, yaani pungufu kidogo ya Impreza, maana magari hayo mawili yalijengwa juu ya msingi mmoja. Ile ninayodhani umeikusudia, yenye alama ya SJ, ya kuanzia mwisho wa 2012, imefika milimita 1,795. Umeongezewa sentimita tano na nusu, na sehemu ya hizo imemezwa na unene wa milango. Utapata buti kubwa, utapata kimo kizuri cha kumpakia mtoto bila kuinama, na utavuka matuta bila kusugua tumbo la gari. Hayo ni manufaa ya kweli. Lakini dada bado atakaa pale pale katikati, na tatizo lililokufanya ununue gari jipya litakuwa limehamia kwenye gari la bei kubwa zaidi.

Upande wa raha nao hesabu haikai vizuri. Kwenye karatasi, Forester 2.0XT ya soko la Japani ina nguvu za farasi 280, sawa kabisa na zile zilizotangazwa kwa STI yako, na nadhani namba hiyo ndiyo iliyokuvutia. Tofauti ni kwamba Forester hiyo hukaribia kilo 1,600, imesimama juu, na kwa soko la Japani ilitoka na gia otomatiki za CVT pekee. Hakuna klachi, hakuna gia sita za mkono, hakuna difa ya katikati unayoirekebisha mwenyewe. Wakati huo huo, gharama ulizokuwa ukizikimbia zinabaki: turbo ipo, petroli ya oktani ya juu inapendekezwa, tairi nne za kulingana ni zile zile, na sasa unaendesha hayo yote kila siku, pamoja na marejesho ya Sacco. Ungekuwa umelipia hobi ambayo huipati. Si kwamba ni gari baya. Kwa mtu mwenye mtoto mmoja, asiyetaka magari mawili na ambaye gia otomatiki hazimkeri, ningeitetea. Subaru Levorg ya kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2014 na 2020, ningeitetea zaidi kwa mtu huyo, kwa sababu ni chini, hukata kona vizuri na ina buti la kutosha. Ila mtu huyo si wewe.

Kwa nini basi Noah, wakati wengi wangekutuma kwenye Toyota Sienta? Sienta ya kizazi cha 2015 hadi 2022 ni gari ninalolipenda kwa familia changa: milango ya nyuma huteleza, injini ina sentimita za ujazo 1,496, na kwa kuwa ushuru wa bidhaa wa Kenya hupanda injini inapovuka 1,500, gari hili hukaa upande wa nafuu wa mstari. Kuna mtego mmoja kwa anayeagiza: toleo liitwalo Funbase, lililoanza 2018, lina safu mbili na viti vitano tu, kwa hiyo hakikisha picha za ndani zinaonyesha safu ya tatu. Kikwazo kwenu ni kingine. Upana wa Sienta ni milimita 1,695, hivyo katikati ya viti viwili vya watoto hakuna nafasi ya mtu mzima, na ili mtu apite kwenda safu ya tatu ni lazima kiti cha safu ya pili kikunjwe mbele. Kiti kilichofungiwa kiti cha mtoto hakikunjiki. Dada angelazimika kuruka viti au kuingia kwanza kisha kiti cha mtoto kifungwe upya nyuma yake, jambo ambalo mtalifanya juma la kwanza na kuliacha la pili.

Noah ya kizazi kilichoanza 2014 ina toleo la viti saba ambalo safu ya pili ni viti viwili vilivyotengana, na kati yake kuna ujia. Watoto wawili wanakaa hapo, kila mmoja kwenye kiti chake, na mtu mzima anapita katikati kwenda safu ya tatu bila kugusa chochote. Upana wake wa nje nao si mkubwa, ni 1,695 kwa matoleo ya kawaida, lakini mpangilio wa viti ndio unaofanya kazi ambayo upana ungeifanya. Kuna toleo la viti vinane lenye benchi la watu watatu katika safu ya pili. Hilo si lenu. Injini ya petroli ina sentimita za ujazo 1,986 na ile ya haibridi 1,797, hivyo zote ziko upande wa juu wa ule mstari wa 1,500, na ukiagiza kutoka Japani utalipa kwa kiwango hicho. Ukinunua iliyokwisha kutumika hapa nchini, ushuru huo ulishalipwa na mwingine, na mimi ningeanzia huko, nikiwa na fundi wangu mwenyewe na siyo wa yadi. Beba viti vyenu viwili vya watoto siku ya kukagua, mvifunge, kisha dada aingie nyuma na kufunga mkanda. Jaribio hilo lina thamani kuliko kuzunguka mtaa mkisikiliza redio.

Safari ya Mombasa nayo isiwatishe mkanunua gari kubwa kuliko mnavyohitaji. Ni karibu kilomita 480, mara mbili kwa mwaka. Mnaishi Syokimau, jirani kabisa na kituo cha reli ya SGR ambayo imekuwa ikibeba abiria tangu 2017, na kwa mama mwenye mtoto mchanga treni ina faida ambazo Noah haina: mnaweza kusimama, kubadilisha nepi, na kutembea. Safari ya kwanza baada ya kujifungua ningependa muifanye kwa treni hata kama gari jipya litakuwa limefika. Gari la familia linunuliwe kwa ajili ya siku 350 za mwaka, siyo kwa ajili ya Krismasi na Idi.

Turudi kwenye STI, maana hapa ndipo natofautiana na shemeji, kwa heshima zote. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba Impreza STI ya mwaka 2005 iliyomo nchini leo imo, na nyingine haiji. Huwezi kusema kwamba utaiuza sasa, watoto wakikua utaagiza nyingine kutoka Japani. Utakachoweza ni kutafuta ndani ya nchi, kati ya magari yanayopungua kila mwaka kwa ajali, kutu na ufundi mbaya. Injini yake ya EJ20 nayo imefikia mwisho: Subaru ilifunga historia yake Japani mwaka 2019 kwa toleo la magari 555 tu. Sisemi kwamba STI ni uwekezaji, na mtu anayekuambia hivyo kwa kawaida ana moja anayotaka kuiuza. Nasema kwamba kuiuza ni hatua isiyo na njia ya kurudi, ilhali kuibakisha kwa mwaka mmoja wa majaribio ni hatua mnayoweza kuitengua Jumamosi yoyote. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili si ya jana: Colin McRae alishinda Safari Rally na Subaru mwaka 1997, Richard Burns akarudia mwaka 2000, na watoto waliosimama vumbini kuwatazama ndio baba wanaoniandikia leo.

Hata hivyo kuibakisha kuna masharti, na la kwanza si fedha, ni mahali pa kuiweka. Maghorofa mengi ya Syokimau humpa mpangaji nafasi moja ya gari. Nafasi hiyo ni ya Noah. STI itahitaji nyingine, iliyo ndani ya ua na ikiwezekana yenye paa, iwe ya kulipia hapo hapo au nyumbani kwa ndugu. Usiiache barabarani, na usimwombe shemeji aegeshe mbali ili gari lako lisipigwe jua. Kama nafasi ya pili haipatikani, mjadala umekwisha na gari liuzwe. Nimeona ndoa nyingi zikivumilia bei ya tairi lakini si kero ya kila jioni.

Sharti la pili ni kwamba mkopo wa Sacco uguse gari la familia pekee, na hata huo uwe mdogo. Wafanyakazi wenzako watakaokudhamini hawataweka akiba zao rehani ili wewe ubadilishe turbo. Fungua akaunti tofauti ya STI, weka humo kiasi kisichobadilika kila mwezi ambacho wewe na shemeji mmekubaliana, na kila kitu cha STI kitoke humo: bima, oili, tairi, maegesho, hata sabuni ya kuoshea. Akaunti ikiwa tupu, gari halitembei hadi ijae. Kabla ya yote, weka kwanza fedha za mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, kwa sababu katika injini hii mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na ukarabati wake hauna tofauti kubwa na kununua injini nyingine. Muda uliopendekezwa Japani ni kilomita 100,000, lakini kwa gari la miaka 20 ambalo historia yake ya kabla yako huijui, usihesabu kilomita. Kama huna risiti, chukulia kwamba haujabadilishwa.

Kuhusu bima, ile ya mtu wa tatu ni lazima kisheria hata kama gari hutembea Jumapili moja tu kwa mwezi. Bima kamili kwa gari la umri huu ni jambo la kuulizia mapema, kwa kuwa kampuni nyingi husita kuikatia gari lililozeeka, na zinazokubali hudai tathmini. Ukiwa umeongeza vifaa, vitaje vyote kwenye fomu. Kifaa kisichotajwa hakilipwi, na kinaweza kukuletea mzozo juu ya vilivyotajwa.

Gari lisilotembea nalo huharibika kwa namna yake. Liendeshe mara moja kwa juma au mbili, angalau nusu saa, hadi oili ipate joto kamili na mvuke uliojikusanya ndani ya injini utoke. Kuliwasha na kuliacha lingurume kwa dakika tano ni kulidhuru, kwa sababu unaongeza unyevu na petroli isiyoungua kwenye oili bila kuvikausha. Badilisha oili kwa kalenda, kila miezi sita, hata kama kilomita hazijatimia. Halafu jambo ambalo wengi hulipuuza: STI za Japani zilirekebishwa kwa petroli ya huko ya daraja la juu, ambayo oktani yake kwa kiwango cha chini ni 96 na kwa kawaida hukaribia 100. Kama gari lako halijawahi kurekebishwa na mtaalamu kwa petroli inayouzwa hapa, lifanyiwe hivyo kabla hujalipeleka mbio mahali popote, na liwekewe shinikizo dogo la turbo kuliko unavyotamani.

Kuna gharama ambayo akaunti ya benki haiioni, nayo ni saa. Mtoto mchanga hufuta usiku wa watu wawili, na mume anayetoweka Jumamosi nzima gerejini huku mkewe akiwa macho tangu saa tisa za usiku anaiweka STI katika nafasi ya mke mwenza. Kwa mwaka wa kwanza, jiwekee asubuhi moja ya juma, na irudishwe: asubuhi nyingine ni ya shemeji, wewe ukibaki na watoto. Hobi yenyewe nayo ipelekwe mahali pake. Barabara kuu ya Thika ina kikomo cha mwendo, na usiku wa manane haukifuti. Mashindano ya autokrosi, yaani mbio za kupimwa muda kwenye njia fupi ya vumbi, chini ya shirikisho la michezo ya magari la Kenya, KMSF, yana madaraja ya magari ya kawaida na hata ya watoto, hufanyika mchana, na familia inaweza kuja kutazama. Siku moja ya namna hiyo itakutoa hamu kuliko mwezi mzima wa kukimbizana na pikipiki za Mombasa Road.

Kwa kuwa miezi mitatu ni michache na huenda Noah ikachelewa, niseme jinsi ya kuitumia STI kwa familia katika kipindi hiki. Kiti cha mtoto mchanga kitazame nyuma, na kikae kiti cha nyuma cha gari; kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa kuwa ukilipuka hukipiga kiti hicho mgongoni mahali kilipo kichwa cha mtoto. Kanuni ya Ulaya ya R129 hutaka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15, na hakuna ubaya kuendelea zaidi ya hapo. Papasa kati ya mgongo na kalio la kiti cha nyuma uone kama kuna vishikizo vya chuma vya ISOFIX, vya kunasia kiti cha mtoto. Kama havipo, nunua kiti kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida na ufuate njia ya mkanda iliyochorwa kwenye kiti chenyewe. Shemeji, wakati huu wa ujauzito, apitishe mkanda wa kiunoni chini ya tumbo, si juu yake. Na safari yenye watoto wawili na dada, hadi Noah ifike, iwe ya teksi ya pili. Ni nafuu kuliko unavyofikiri.

Kagua pia ulichokibadilisha katika gari. Fremu ya vyuma ndani ya gari hulinda dereva aliyevaa helmeti, lakini humvunja kichwa abiria asiye nayo. Usukani wa mashindano huwa umeondoa mfuko wa hewa wa dereva. Bomba la moshi lililofunguliwa na kuunganishwa vibaya huweza kuvujisha gesi chini ya sakafu, na mtoto aliyelala nyuma hawezi kukuambia kwamba kichwa kinamuuma. Springi ngumu zinavumilika. Hayo matatu hayavumiliki katika gari litakalombeba mtoto hata mara moja.

Mwisho wa mwaka kaeni na taarifa ya ile akaunti. Ikiwa imejaa na STI imetembea, endeleeni. Ikiwa ulikopa kutoka fedha za nyumba hata mara mbili, au gari limesimama miezi bila kuguswa, iuze, na uiuze vizuri: rudisha vifaa vya asili ulivyovitunza, kwa kuwa wanunuzi wa STI nchini hulipa zaidi kwa gari ambalo halijachezewa kuliko kwa lile lenye turbo kubwa, kisha viuze vile vya kuongeza kando, kimoja kimoja. Ambatisha risiti za mkanda wa taimingi, oili na tairi kwa mpangilio wa tarehe. Usikabidhi ufunguo kabla uhamisho wa umiliki haujakamilika katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hata kama mnunuzi ni rafiki wa siku nyingi, maana hadi hapo kila faini na kila ajali ya gari hilo itakuja kwa jina lako.